Kalasinga na Mpaka wa Mwaka 1947

Hapa Dar es Salaam mtu mwenye kilemba na ndevu ndefu akipita njiani, watoto humwita Kalasinga, na wazee wengine husema Singasinga. Wenyewe hujiita Sikh, na katika lugha yao neno hilo maana yake ni mwanafunzi. Kwa hiyo naona si vibaya gazeti la wanafunzi likatoa nafasi kidogo kwa habari zao.

Msomaji ataniuliza: mtoto wa Mbagala, tena Mmakonde, ana haja gani na habari za Makalasinga? Haja ninayo. Babu yangu, mzaa mama, alifanya kazi miaka 22 katika karakana ya fundi mmoja Kalasinga huko Chang'ombe, wakiunda bodi za malori na mabasi. Fundi huyo alifariki mwaka 1988. Mwanawe yu hai, ni raia wa Tanzania, ana umri wa miaka 73, na Babu humwita "Bwana mdogo" hata leo, ijapokuwa huyo bwana mdogo ana mvi kichwa kizima. Katika likizo iliyopita Babu alinipeleka kwake mara tatu, nami nikaandika katika daftari yale waliyonieleza. Mengine nimeyasoma vitabuni.

Kwanza nieleze asili yao. Kwao ni Punjab, na jina hilo maana yake ni maji matano, yaani mito mitano: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, alizaliwa huko mwaka 1469. Kutoka nchi hiyo ndiko Waingereza walikopata wengi wa wafanya kazi wa reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901. Waliletwa watu wapatao 32,000, wa dini mbalimbali. Kiasi cha 2,500 walikufa, na kiasi cha 6,700 walibaki katika Afrika ya Mashariki. Wengine walirudi kwao. Makalasinga wengi waliofuata baadaye walikuwa mafundi: maseremala, waashi na wahunzi. Huko Makindu, kando ya reli ile, kuna hekalu lao lililojengwa mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa dini yoyote akipita hupewa chakula bila kulipa. Waingereza walipoitwaa Tanganyika kwa Wajerumani, mafundi hao walifika huku nako, wakafanya kazi katika reli, katika ujenzi na katika viwanda vya mbao.

Fundi wa Babu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1912 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Lyallpur, akapanda meli Karachi mwaka 1934, akateremka Dar es Salaam akiwa na sanduku la vyombo vyake: randa, patasi, misumeno na keekee. Akaajiriwa seremala wa reli. Kila mwezi alipeleka fedha kwao, na kwa fedha hizo baba yake alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba vitatu. Mwaka 1946 alipata barua kwamba nyumba imekwisha ezekwa. Akaanza kuweka akiba ya nauli ili akaione.

Sasa nije kwenye mpaka wenyewe. Waingereza walipoamua kuondoka India, ilikatwa shauri nchi igawanywe mara mbili, India na Pakistan, na jimbo la Punjab lipasuliwe katikati, sehemu zenye Waislamu wengi ziende Pakistan. Kazi ya kuchora mpaka alipewa mwanasheria wa London, Sir Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika India hapo kabla. Alifika tarehe 8 Julai 1947. Pakistan ilipata uhuru wake tarehe 14 Agosti na India tarehe 15, lakini mpaka haukutangazwa mpaka tarehe 17. Maana yake watu wa vijiji vingi walisherehekea uhuru kwa siku mbili na zaidi bila ya kujua wako katika nchi gani.

Wahindu walikuwa wengi katika India nzima, na Waislamu walikuwa wengi katika Pakistan. Makalasinga hawakuwa na wilaya hata moja, katika Punjab iliyotawaliwa na Waingereza, ambamo walizidi nusu ya watu. Kwa hiyo mpaka popote ambapo ungepita, ungepita katikati yao. Mji wa Amritsar, wenye hekalu lao kuu, uliangukia India. Lahore, alikokaa mfalme wao Ranjit Singh tangu mwaka 1799 hadi alipokufa mwaka 1839, uliangukia Pakistan. Nankana Sahib, alikozaliwa Guru Nanak, na Kartarpur, alikofariki mwaka 1539, nako kukawa Pakistan. Lyallpur kadhalika.

Yaliyofuata ni mabaya kuyasimulia. Watu kati ya milioni 10 na milioni 15 walihama makwao katika muda mfupi, wengine kwa miguu, wengine kwa magari ya ng'ombe, wengine kwa gari moshi. Idadi ya waliouawa hukadiriwa tangu 200,000 hadi 1,000,000 au zaidi. Lazima niseme kweli, wala mwana wa Fundi hakunificha: Makalasinga waliuawa, nao vilevile waliua. Waislamu wa Amritsar na Ludhiana walikimbia kuelekea magharibi wakati Makalasinga wa Lyallpur walipokuwa wakikimbia kuelekea mashariki, na katika barabara nyingine misafara hiyo miwili ilipishana.

Habari zilipofika Dar es Salaam, Fundi alikuwa akifanya kazi benchi moja na seremala Mwislamu wa wilaya yake ileile, aliyekuja naye katika meli moja. Walikuwa wakila pamoja miaka 13. Baada ya Agosti 1947 hawakusalimiana kwa muda wa miezi mitano. Kila mmoja aliranda mbao zake akimpa mwenzake mgongo. Siku moja yule Mwislamu alileta barua kutoka kwa ndugu yake, akaiweka juu ya benchi bila ya kusema neno. Ndani iliandikwa kwamba nyumba ya Fundi ni nzima, na wamo ndani yake wakimbizi waliotoka upande wa Ludhiana. Barua ya ndugu zake mwenyewe ilifika baadaye, kutoka kambi ya wakimbizi karibu na Amritsar. Ilisema mama na kaka zake wamefika. Baba hakufika.

Mwana wa Fundi aliniambia hivi: "Mwanangu, baba yangu hakuukimbia mpaka ule. Alikuwa hapa, anakula chapati yake kwa amani. Lakini alipolala usiku alikuwa mtu mwenye kwao, na alipoamka hakuwa na kwao."

Wahenga wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini hawakutuambia tumwiteje yule ambaye asili yake imechukuliwa yeye akiwa mbali, kazini. Fundi alitumia akiba ile ya nauli kukodi kiwanja Chang'ombe na kununua msumeno wa mashine. Hivyo ndivyo karakana ilivyoanza. Babu husema kwamba mwanafunzi akichora mbao kwa chaki na kukata upesi bila kuuliza, Fundi alikuwa akimkemea, "We! Usikate kama Mwingereza!" Mafundi wote walicheka, na wengi hawakujua maneno hayo yametoka wapi.

Sitaki msomaji afikiri kwamba katika karakana ile watu wote walikuwa sawa. Wakati wa ukoloni mshahara ulifuata rangi: Mzungu juu, Mwasia kati, Mwafrika chini, hata kama kazi ni moja. Mazoea hayo hayakufa siku bendera ilipobadilishwa. Babu alipoajiriwa mwaka 1966 aliitwa "boi" kwa miaka minne, ijapokuwa alijua kutumia patasi tangu utotoni, maana sisi Wamakonde tumezoea kuchonga mpingo. Aliyekuwa akikaa kati ya mikate miwili ya mkoloni alipata hasara zake na faida zake, na faida hizo Mwafrika aliziona.

Lakini wako waliokataa mpango huo. Mmoja ni Makhan Singh, ambaye jina lake lafaa kujulikana katika shule zetu. Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, ambayo sasa ni Pakistan, akaja Kenya mwaka 1927. Mwaka 1935 aliunda chama cha wafanya kazi kisichobagua rangi. Alirudi Kenya kutoka India mwezi wa Agosti 1947, mwezi uleule kijiji chake kilipokuwa kikitengwa. Mwezi wa Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alidai waziwazi uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961, yaani baada ya miaka 11 na zaidi. Alifariki mwaka 1973 akiwa Mkenya.

Uhuru wa Tanganyika ulipokaribia mwaka 1961, Makalasinga waliulizwa tena swali lilelile: ninyi ni wa wapi? Wengi walikuwa na hati za Uingereza zilizoandikwa kwamba wamezaliwa India, na sehemu ile ya India ilikuwa imekuwa Pakistan. Mwezi wa Oktoba mwaka huo baadhi ya Wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika weusi tu. Mwalimu Nyerere alisimama akapinga kwa ukali kumpima mtu kwa rangi ya ngozi, akatishia kujiuzulu pamoja na Serikali yake. Sheria ikapita. Mwaka 1962 Fundi alijiandikisha kuwa raia. Katika hati yake, ambayo nimeiona kwa macho yangu, mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Lyallpur, India". Mji huo wakati ule ulikuwa umekwisha kuwa Pakistan kwa miaka 15, na tangu mwaka 1977 hata jina umebadilishwa, unaitwa Faisalabad. Kwa hiyo karatasi inataja mji ambao kwa jina hilo na katika nchi hiyo haupo tena.

Mdogo wake Fundi, aliyemfuata huku mwaka 1949, alichagua kushika pasipoti ya Uingereza. Waasia wengi walifanya hivyo. Mwaka 1968 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwazuia wasiingie bila ruhusa, ingawa pasipoti zilikuwa zake. Mwaka 1971 Serikali yetu ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa kuwapa siku 90. Yule mdogo akafungasha, akaenda London. Leo ukoo huo uko Amritsar, London, Toronto na Chang'ombe. Mwana wa Fundi anasema harusi yoyote ya kwao ni lazima iwakose watu wa pande mbili, kwa sababu ya viza.

Nilimwuliza kwa nini wao hawakwenda. Akajibu kwamba baba yake alisema, "Nyumba moja nimejenga nikaikosa. Hii nyingine sitaiacha kwa miguu yangu mwenyewe." Naona jibu hilo laeleza jambo ambalo vitabu havilielezi sana. Waliopoteza kwao mwaka 1947 hawakufanana wote: wengine walijifunza kutotia mizizi popote, na wengine walijifunza kutong'oka.

Mwaka 2011 mwana wa Fundi alikwenda Pakistan kwa pasipoti ya Tanzania. Alikizuru Kartarpur. Wakati ule Makalasinga wa upande wa India, walio karibu kiasi cha kilomita 4 na nusu tu, walikuwa wakisimama mpakani na kulitazama hekalu kwa darubini, kwa kuwa njia ilikuwa imefungwa. Yeye wa kutoka Afrika alilifikia. Kisha akatafuta kijiji cha baba yake, akaiona nyumba. Vyumba viwili vimesimama na cha tatu kimeanguka. Wenyeji, ambao wazee wao walikimbia Ludhiana, walimkaribisha chai na kumwuliza, "Je, umepata kufika Ludhiana? Kisima chetu kipo?" Akawaambia hajafika. Waliagana wakiwa wote wawili hawana la kupeana isipokuwa chai. Mwaka 2019, tarehe 9 Novemba, njia ya Kartarpur ilifunguliwa kwa mahujaji kutoka India. Ikafungwa mwaka 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, ikafunguliwa tena mwaka 2021, na Mei 2025 India ikaifunga tena nchi hizo mbili zilipopigana. Imekwisha kupita miaka zaidi ya 75, na mstari wa wiki tano bado una nguvu ya kufunga mlango.

Hapa ndipo ninapofikia jambo la nyumbani kwetu. Babu alizaliwa kusini ya mto Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, Msumbiji. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba mto huo uwe mpaka wao, na Wamakonde wakawa ng'ambo mbili. Vita vya kumwondoa Mreno vilipoanza mwaka 1964 Babu alivuka mto, na mwaka 1966 akafika Dar es Salaam juu ya lori la barabara ya Kilwa. Sisi tunakaa Mbagala kwa sababu hiyo, kama walivyo majirani zetu wengi wa kutoka Lindi na Mtwara: barabara ya kusini inaingilia hapa, na mtu hujenga karibu na mlango aliouingilia.

Mwaka juzi mjomba wangu alikwenda katika ofisi moja kwa ajili ya kitambulisho. Alizaliwa Temeke, amesoma Temeke, na ameoa Temeke. Akaulizwa, "Baba yako alizaliwa wapi?" Akajibu kweli, naye akaambiwa alete ushahidi. Alikwenda na kurudi mara sita. Babu hana cheti cha kuzaliwa, wala hati ya kuvuka mto, maana mto hautoi risiti. Ndipo alipomkumbuka Bwana mdogo. Yule mzee alifungua kabati, akatoa daftari za mishahara za karakana, zote tangu mwaka 1958, akatafuta, akakuta jina la Babu limeandikwa Machi 1966, pamoja na dole gumba lake la wino. Akatuandikia barua ya ushahidi, akaenda mwenyewe na mjomba, na kilemba chake, akaketi naye katika benchi tangu saa mbili hadi saa nane.

Daftari ile si hati ya uraia, na shauri la mjomba halijakwisha mpaka ninapoandika haya. Lakini karatasi pekee inayoonyesha kwamba Babu yangu amekuwa katika nchi hii kwa muda wa miaka karibu 60 imetunzwa na ukoo uliopoteza kwao kwa sababu ya karatasi. Nilipomwuliza Bwana mdogo kwa nini ametunza daftari za watu waliokwisha kustaafu na wengine kufa, alisema kwamba ni amri ya baba yake: jina la mtu aliyefanya kazi lisitupwe, huenda siku moja akaulizwa alikuwa wapi.

Katika Kenya jambo kama hili limepata dawa kidogo. Wamakonde walioajiriwa zamani katika mashamba ya mkonge ya pwani walikaa miaka mingi bila uraia. Mwaka 2016 walikwenda kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao, wakapewa vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Katika mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia, Makalasinga wakiwemo, wakatambuliwa kuwa kabila la 44. Nilipomsomea Babu habari hiyo, alicheka akasema, "Basi huko mimi na Fundi tumepangwa foleni moja, nami niko mbele yake. Siku hiyo angalau asingeniita boi."

Wenzangu, tunapofundishwa historia tunaambiwa mwaka mpaka ulipochorwa, kisha twafunga daftari. Mimi naona huo ndio mwaka wa kufungua daftari. Mchoraji huondoka na kalamu yake. Anayebaki ni mtu wa mashariki ya mstari na mtu wa magharibi yake, na watoto wao, na wajukuu wao wanaoulizwa katika madirisha ya ofisi mahali alipozaliwa mzee ambaye hakuulizwa wakati nchi ilipokatwa. Ninawaomba kila mmoja katika likizo ijayo amwulize babu au bibi yake alizaliwa wapi, alivuka mto gani, alifanya kazi kwa nani, na mwaka gani. Aandike kwa wino, aweke tarehe, na azihifadhi karatasi hizo mahali pakavu. Huenda zikahitajiwa na mtu wa jirani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mbagala